Neno Dogo, Deni Kubwa: Tujifunze Vielezi vya Kiingereza

Katika vikundi vyetu hapa Ngong, Kiserian, Isinya, Kitengela mpaka Kajiado mjini, mikutano tunaiendesha kwa Kiswahili, Kimaa, Kikuyu au Kikamba, na tunaelewana vizuri. Shida huanza karatasi ikifika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Lakini fomu nyingi za mkopo, mikataba ya kuuziana ploti na barua za wafadhili bado huja kwa Kiingereza.

Mtu huangalia tarakimu, akiona ziko sawa anatia sahihi. Kumbe mara nyingine hatari haiko kwenye tarakimu. Iko katika neno dogo lililokaa pembeni, linaloitwa kielezi. Mwisho wa somo hili tutaona neno moja ambalo laweza kumfanya mama mmoja adaiwe deni la watu kumi. Lakini twende hatua kwa hatua.

1. KIELEZI NI NINI?

Sote twajua methali hizi: "Haraka haraka haina baraka", na "Polepole ndio mwendo". Maneno "haraka" na "polepole" ndiyo vielezi. Kielezi hutuambia tendo limefanyika vipi, lini, wapi, mara ngapi au kwa kiasi gani. Tukisema "Mweka hazina alihesabu pesa", hatujui alihesabu vipi. Tukisema "alihesabu pesa polepole", sasa tunamwona akihesabu.

Katika Kiingereza ni vivyo hivyo:

"The treasurer counted the money slowly."

Neno "slowly" ndilo "polepole". Vielezi vingine ni kama "today" (leo), "here" (hapa), "always" (kila wakati) na "very" (sana).

2. HUUNDWA VIPI?

Vielezi vingi vya Kiingereza hutokana na vivumishi. Unachukua kivumishi, unaongeza "-ly" mwishoni:

"careful" (mwangalifu) huwa "carefully" (kwa uangalifu).
"full" (kamili) huwa "fully" (kwa ukamilifu).
"equal" (sawa) huwa "equally" (sawasawa).

Basi tunaandika "a careful secretary", yaani katibu mwangalifu. Lakini "the secretary writes carefully", yaani katibu anaandika kwa uangalifu. Kivumishi humweleza mtu au kitu, kielezi hueleza tendo.

Hata hivyo, msije mkadhani kila neno lenye "-ly" ni kielezi. "Friendly" ni kivumishi, maana yake mwenye urafiki. "Family" na "supply" nayo si vielezi. Tena kuna vielezi visivyo na "-ly" kabisa. Kielezi cha "good" ni "well": "The project is going well." Na "fast" hubaki "fast". Hakuna "fastly", hata kama tunaisikia stendi.

3. VIELEZI VINAVYODANGANYA

Hapa ndipo barua zetu nyingi huharibikia. Tuseme kikundi kinaomba msaada wa tangi la maji. Katibu anataka kusema kwamba wanachama wanafanya kazi kwa bidii. Anaandika:

"Our members work hardly."

Masikini! Ametuambia kwamba wanachama karibu hawafanyi kazi kabisa. "Hard" yenyewe ndiyo kielezi cha bidii. "Hardly" ni neno jingine, maana yake "ni kwa nadra" au "karibu hakuna". Aandike hivi: "Our members work hard."

Ndugu yake ni "late" na "lately". "She paid late" maana yake alichelewa kulipa. Lakini "lately" maana yake "siku hizi za karibuni". Mkiandika katika daftari la mikopo kwamba mtu alilipa "lately", atakayekuja kukagua hatajua kama alichelewa.

4. "ONLY": ANGALIA LIMEKAA WAPI

Neno "only" maana yake ni "tu" au "peke yake". Ni neno linalohamahama, na kila likihama, maana nayo huhama. Tazameni:

"Only the treasurer signs cheques." Mweka hazina peke yake ndiye anayetia sahihi hundi, hakuna mwingine.

"The treasurer only signs cheques." Kazi yake ni kutia sahihi hundi tu, hafanyi kazi nyingine.

"The treasurer signs only cheques." Anatia sahihi hundi tu; karatasi zingine hatii.

Maneno ni yale yale, lakini sheria ni tatu tofauti! Kama katiba ya kikundi chenu iko kwa Kiingereza, itoeni leo mtazame neno hili limekaa wapi.

"Only" ina kazi nyingine nzuri. Kwenye hundi au vocha tunaandika "Shillings four thousand only". Hilo ni kama kufunga mlango: mtu mwenye tamaa asiongeze "five hundred" mbele. Ukishaandika "only", piga mstari mpaka mwisho wa nafasi.

5. "APPROXIMATELY": TAKRIBAN

Huku kwetu, tangu mashamba ya pamoja yalipoanza kugawanywa, karatasi za kuuziana ardhi zimekuwa nyingi. Neno "approximately" maana yake ni "takriban" au "kama hivi". Mkataba ukisema ploti ni "approximately one-eighth of an acre", hautoi ahadi ya thumuni ya eka kamili.

Hebu tupige hesabu. Eka moja ni futi za mraba 43,560. Thumuni yake ni 5,445. Lakini ploti ya futi hamsini kwa mia, ile inayouzwa sana Kitengela na kuitwa thumuni, ni futi za mraba 5,000. Zimepungua 445. Kwa hiyo ukiliona neno hili, usiridhike na karatasi. Nenda na mpimaji, uoneshwe mawe ya mpaka kwa macho, na vipimo viandikwe.

6. "JOINTLY AND SEVERALLY": HAPA TUSIMAME

Sasa tumefika kwa lile neno. Hapa Kenya tumezoea kusema "I have called you severally", tukimaanisha "nimekupigia simu mara nyingi". Kwa mazungumzo yetu tunaelewana. Lakini katika mkataba, "severally" si "mara nyingi". Maana yake ni "mmoja mmoja, kila mtu peke yake". Na "jointly" ni "kwa pamoja".

Fomu ya mkopo wa kikundi husema hivi:

"The members shall be jointly and severally liable for the loan."

Yaani wanachama wanawajibika kulipa mkopo kwa pamoja, na pia mmoja mmoja. Tuchukue mfano. Watu kumi wamekopa shilingi 200,000, kila mmoja akapata 20,000. Baadaye mambo yanakuwa magumu, wengine wanahama, na salio ni 120,000. Mama mmoja amekwisha kulipa fungu lake lote, analala usingizi. Kwa sababu ya neno "severally", mkopeshaji aweza kumfuata yeye peke yake na kumdai zile 120,000 zote. Akilipa, ana haki kisheria ya kuwadai wenzake mafungu yao, lakini itabidi awatafute yeye mwenyewe.

Hatusemi neno hili ni la hila. Mkopeshaji huliweka kwa sababu kikundi hakina hati ya shamba ya kuweka rehani. Wanachama wenyewe ndio rehani. Tunachosema ni kwamba mtu atie sahihi akijua. Kabla ya siku hiyo, fanyeni mambo matatu:

(a) Fomu isomwe mkutanoni na kila kielezi kielezwe kwa lugha ya wote.
(b) Ulizeni kama yaweza kuandikwa "each member shall be liable only for his or her own share", yaani kila mmoja kwa fungu lake tu. Mkikataliwa, amueni pamoja kama mtaendelea.
(c) Kila mmoja ajiulize: je, hawa tisa nawajua vya kutosha kubeba deni lao?

ZOEZI LA KIKUNDI

1. Sahihisha: "The secretary wrote the minutes careful."
2. "Our women hardly water the trees." Je, hii ni sifa?
3. Kielezi kiko wapi: "Members pay monthly", au "Members pay a monthly contribution"?
4. Weka "only" ili ijulikane kwamba wasio wanachama hawakopi: "Members can borrow from the group."
5. Jadilianeni: katika karatasi tulizokwisha kutia sahihi, kuna "severally"? Tulielewa vipi?

MAJIBU

1. "carefully". 2. Hapana, ni kusema kwamba miti karibu haipati maji. 3. Sentensi ya kwanza. Katika ya pili "monthly" ni kivumishi, kinaeleza mchango. 4. "Only members can borrow from the group." 5. Jibu mnalo ninyi wenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza: daftari lisilosomwa vizuri nalo humaliza mali. Kuuliza si ujinga. Ukikutana na neno lenye "-ly" usilolijua, weka kalamu chini kwanza, uulize.