Namba Iliyodhaniwa Kuwa Tasa

Namba huitwa tasa ikiwa haigawanyiki pasipo baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Basi 7 ni tasa, na 13 ni tasa. Lakini 15 si tasa, kwani ni 3 mara 5.

Palikuwa na Mfaransa mmoja jina lake Pierre de Fermat. Kazi yake ilikuwa ya sheria, katika mahakama ya mji wa Toulouse. Hesabu alizifanya kwa kujifurahisha tu, na hata hivyo katika zama zake waliomshinda walikuwa wachache mno. Alitazama namba hizi: 2 na 1 ni 3, 2 mara 2, na 1, ni 5, 4 mara 4, na 1, ni 17, 16 mara 16, na 1, ni 257, 256 mara 256, na 1, ni 65537. Zote tano ni tasa. Basi mwaka wa 1640 akaandika kwamba anasadiki zote zitakazofuata kwa njia hiyo ni tasa vile vile, ijapokuwa thibitisho hakuwa nalo.

Ya sita ni 65536 mara 65536, na 1, ndiyo 4294967297. Ukiijaribu kwa 3, au 7, au 11, haikubali. Na atakayetaka kuhakikisha kwa kugawanya tu kwamba ni tasa, imempasa kujaribu tasa zote zilizo chini ya 65536, nazo ni 6542. Fermat alikufa mwaka wa 1665, na neno lake likasimama.

Mwaka wa 1729 Christian Goldbach alimwuliza habari hiyo Leonhard Euler, kijana Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, katika Urusi. Euler hakutosheka na ukubwa wa jina la Fermat. Mwaka wa 1732, naye ana umri wa miaka 25, akaonyesha kwamba namba ile hugawanyika kwa 641.

Ajabu ni kwamba 641 si mbali. Mtu ajaribuye tasa moja moja tangu 2 huifikia mara ya 116. Ni kazi ya siku chache kwa mwenye subira. Baadaye Euler alithibitisha ya kuwa kigawanyo cho chote cha namba hii kilicho kikubwa kuliko 1, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Kwa hiyo tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, kisha 641: tano tu!

Chukua kibao, uzidishe 6700417 kwa 641:

mara 600: 4020250200
mara 40: 268016680
mara 1: 6700417
Jumla: 4294967297

Namba ya saba katika mfululizo huo ina tarakimu 20. Mwaka wa 1880 Mfaransa mwingine, Landry, aliigawanya kwa 274177 bila baki. Tena hata leo, zaidi ya zile tano za kwanza, haijaonekana tasa nyingine.