Ondoa doa la rangi bila kuharibu mbao wala afya

Baada ya nyumba kupakwa rangi, mara nyingi matone hubaki juu ya meza, viti na milango yenye vanishi. Watu wengi hukimbilia wembe, msasa, thina au petroli. Vitu hivi huharibu mbao, na baadhi yake vyaweza kukuletea maafa nyumbani.

Kwanza tambua aina ya rangi. Rangi ya maji ambayo haijakauka hutoka kwa kitambaa chenye maji vuguvugu na sabuni. Ikiwa imekauka, paka mafuta kidogo ya kupikia juu ya doa, ungoje dakika 10 hivi, kisha ulikwangue polepole kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Rudia mara kadhaa badala ya kutumia nguvu, halafu upanguse mafuta yote.

Rangi ya mafuta huhitaji tapentaini. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya meza. Vanishi ikianza kunata au kufifia, acha mara moja. Ikiwa iko salama, lowesha kitambaa kidogo tu na usugue doa lenyewe, si meza nzima. Thina na spiriti usizitumie, kwani huyeyusha vanishi.

Kabla ya kufungua tapentaini, fungua madirisha na milango, zima jiko na taa ya mafuta, na usivute sigara. Mvuke wake huumiza kichwa na kuleta kizunguzungu, na hukausha ngozi. Vaa glavu za mpira. Ukimaliza, anika kitambaa nje. Usikikunje ukakiweka pembeni.

Ikiwa samani au kuta ni za miaka mingi, usipige msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto, hata likiwa kidogo. Mama mja mzito na watoto wakae mbali. Panguse vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

Hatari nyingine kubwa ni chupa ya soda. Usitie tapentaini wala mafuta ya taa ndani yake, maana mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Akinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Anapotapika, mafuta hayo huweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia kali. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi, umkimbize hospitalini pamoja na chupa hiyo, hata kama haonekani mgonjwa. Kikohozi na kupumua kwa shida huweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Vanishi iliyochubuka fundi ataipaka upya kwa siku moja. Mapafu ya mtoto hayana fundi wa namna hiyo.