Moyo wa Paka na Mbwa Mzee: Tafuta Upungufu Kabla ya Kununua Kopo

Mbwa akishatimiza miaka minane au tisa, na paka akishavuka kumi, wafugaji wengi huanza kuulizana nini wampe ili kulinda moyo wake. Majibu huja upesi: mafuta ya samaki, taurini, karnitini, koenzaimu Q10, vitamini E. Jibu langu mimi linaanza na swali jingine: moyo wake una nini? Kirutubisho cha ziada husaidia pale kinapojaza upungufu uliopo, au kinapopunguza madhara ya ugonjwa ambao umeshajulikana. Kikitolewa bila sababu hizo mbili, fedha hupotea bure, na muda nao hupotea, tena kwa mnyama ambaye hana muda mwingi wa kupoteza. Naandika haya kwa sababu nawapenda wanyama hawa na naona namna upendo wa wenye nao unavyogeuzwa kuwa soko. Nitaeleza kwanza ushahidi ninaoutegemea, kisha hatua za kufuata.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote unatoka kwa paka. Taurini ni asidi amino ambayo mwili wa paka hauwezi kuitengeneza kwa kiasi cha kutosha, na juu ya hayo huipoteza kila siku kupitia nyongo, kwa hiyo ni lazima aipate kwenye nyama au samaki. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka anayekosa taurini huharibika retina ya macho. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyobadili tiba ya paka duniani: paka wenye moyo uliotanuka na misuli iliyolegea walikutwa na taurini kidogo mno katika damu, na walipoongezewa, mioyo yao ilirudia kusukuma damu vizuri. Ugonjwa uliokuwa ukimaliza paka ukawa unatibika kwa unga mweupe usio ghali. La kutia maanani zaidi ni kwamba paka hao hawakuwa wakila makombo. Walikuwa wakilishwa vyakula vya viwandani vilivyotimiza viwango vya wakati ule. Viwango vyenyewe ndivyo vilivyokuwa pungufu. Viwanda vilipoongeza taurini, ugonjwa huo ukawa nadra kwa paka wanaokula vyakula hivyo.

Habari hiyo ndiyo inayotumiwa kuuza taurini kwa kila paka mzee, na hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji. Ugonjwa wa moyo unaoongoza kwa paka leo ni wa namna nyingine kabisa: misuli ya moyo hunenepa, nafasi ya ndani hupungua, na moyo hushindwa kujaa damu inavyotakiwa. Hukadiriwa kuwa paka wapatao 15 katika kila 100 wanao, wengi bila dalili yoyote. Kwa baadhi ya paka wa Maine Coon na Ragdoll chanzo chake ni hitilafu ya kurithi. Kwa paka mzee, misuli inaweza pia kunenepa kwa sababu ya presha ya juu au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na magonjwa hayo mawili yana dawa zake. Taurini haipunguzi unene huo kwa kuwa haukuletwa na ukosefu wa taurini. Unga ni uleule na mnyama ni wa aina ileile, lakini ugonjwa ni mwingine, na kwa huu wa pili unga hauna la kufanya.

Kwa mbwa hali inafanana. Wengi wetu tunaufikiria moyo wa mbwa kama wetu: mafuta mabaya, mishipa kuziba, shambulio la ghafla. Lakini mbwa na paka ni nadra sana kuugua kwa mishipa ya moyo kuziba kwa mafuta, kwa hiyo tangazo linalosema kirutubisho fulani kinashusha kolesteroli halimhusu mbwa wako. Mbwa mzee, hasa wa umbo dogo, huugua vali. Vali iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto hunenepa na kujikunja, haifungi sawasawa, na damu huvuja kurudi nyuma kila moyo unapopiga. Takriban robo tatu ya magonjwa yote ya moyo wa mbwa ni haya. Hakuna kidonge cha lishe kilichothibitishwa kuirudisha vali hiyo katika hali yake. Dawa, hata hivyo, zipo. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao EPIC, uliohusisha mbwa 360 wenye ugonjwa wa vali na moyo uliokwisha kupanuka, ila bado hawana dalili. Waliopewa dawa ya pimobendani walikaa takriban miezi 15 zaidi kabla ya moyo kushindwa kazi au kuwaua, wakilinganishwa na wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini mbwa wa kupewa dawa hiyo hutambuliwa kwa kupimwa ukubwa wa moyo. Anayetumia miezi hiyo kujaribu kopo baada ya kopo la virutubisho hajui kwamba dirisha la kuanza dawa limefunguka, wala litakapofungwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima, na kipimo muhimu kuliko vyote nyumbani hakina gharama. Subiri mnyama alale usingizi mtulivu, mahali pasipo na joto kali. Tazama ubavu wake: ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Mbwa au paka mwenye moyo mzuri, akiwa amelala, kwa kawaida hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Usihesabu paka anapokoroma kwa raha au mbwa anapohema kwa joto, na ukimwona miguu inatikisika ndotoni, ngoja atulie. Andika namba hiyo kwenye daftari mara mbili tatu kwa wiki ili ujue kawaida yake. Ikipanda juu ya 30 na kubaki huko, mwone daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda maji yameanza kujaa kwenye mapafu. Mpime na uzito kila mwezi, na umpapase mgongoni na mapajani, maana mnyama anayeugua moyo hupoteza nyama ya mwili hata kama tumbo linaonekana kubwa. Paka anayepumua kwa mdomo wazi, au aliyepooza miguu ya nyuma ghafla ikiwa ya baridi huku analia, ni wa kupelekwa kwa daktari bila kuchelewa hata saa moja.

Hatua ya pili ni chakula, na hapa ndipo upungufu wa kweli unapoweza kupatikana majumbani mwetu. Paka wengi wa Afrika Mashariki hulishwa ugali uliochanganywa na mchuzi au vichwa vya samaki, na mbwa hupewa ugali kwa wingi na mboga kidogo. Ugali hauna taurini. Mbwa hujitengenezea taurini kutoka kwenye asidi amino za metionini na sisteini, lakini sahani iliyojaa wanga na protini kiduchu humpa malighafi haba. Dagaa ni mkombozi wa bei ya chini, maana huliwa mzima. Ila tazama anavyopikwa: taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukichemsha dagaa kisha ukamwaga maji, umeimwaga nayo. Mwoshe dagaa kuondoa mchanga, mchemshe kwa maji machache bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa kuwa vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za wanyama hawa. Kisha mimina supu yote kwenye chakula. Dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa hawamfai mnyama mwenye moyo dhaifu, kwani chumvi huufanya mwili ushikilie maji. Moyo wa kuku au wa ng'ombe nao una taurini nyingi. Kwa paka, nyama au samaki ndio wawe chakula, na ugali uwe kidogo sana au usiwepo.

Wenye uwezo wa kununua chakula cha dukani wasidhani kwamba bei kubwa ni kinga. Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuwa inachunguza taarifa za mbwa waliopata moyo kutanuka huku wakila vyakula visivyo na nafaka, vingi vikiwa na njegere, dengu au viazi kwa wingi. Kufikia Desemba 2022 ilisema ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha chanzo. Mimi nachukua tahadhari: bila sababu ya kitabibu, sioni kwa nini mbwa anyimwe nafaka, na ningechagua chakula kilichoandikwa wazi kuwa ni lishe kamili kwa umri wake.

Hatua ya tatu ndiyo ya virutubisho, na orodha yangu ni fupi. Mafuta ya samaki nayaweka mbele kwa mnyama aliyekwisha kugunduliwa ana moyo unaoshindwa kazi, hasa anayekonda au asiye na hamu ya kula. Omega-3 za EPA na DHA hupunguza kemikali za uvimbe zinazokula misuli ya mwili. Hilo lilionyeshwa kwa mbwa tangu miaka ya 1990. Kiasi kinachopendekezwa mara nyingi na wataalamu wa lishe ya wagonjwa wa moyo ni miligramu 40 za EPA na 25 za DHA kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kapsuli ya kawaida ya miligramu 1,000 huwa na takriban 180 za EPA na 120 za DHA, kwa hiyo mbwa wa kilo 10 anahitaji kama mbili, na paka wa kilo nne kama moja. Anza na kiasi kidogo, kwani mafuta mengi kwa ghafla huharisha. Usitumie mafuta ya ini la samaki kwa vipimo hivyo, kwa sababu vitamini A na D zilizomo zinaweza kumdhuru. Mafuta ya mbegu za kitani pia si badala yake. Mbwa huyabadilisha kuwa EPA kwa shida, na paka kwa shida zaidi.

Taurini mpe paka aliyekuwa akila ugali au chakula cha mbwa, na paka au mbwa yeyote aliyepimwa akaonekana moyo umetanuka. Kwa paka, madaktari wengi hutoa miligramu 250 mara mbili kwa siku. Kwa mbwa, zipo aina zinazohitaji kuangaliwa kwa makini, kama Golden Retriever na American Cocker Spaniel. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa mbwa hao wa Cocker ambao mioyo yao ilipata nafuu kwa taurini na karnitini pamoja. Karnitini peke yake ina nafasi finyu zaidi, na koenzaimu Q10 na vitamini E bado hazina ushahidi wa kunifanya nimwambie mtu azitangulize mbele ya chakula bora au dawa.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba vitu hivi ni vya asili, havidhuru. Potasiamu ni ya asili, lakini mbwa anayetumia baadhi ya dawa za moyo hubaki nayo nyingi mwilini, na ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Mafuta ya samaki kwa wingi hupunguza uwezo wa damu kuganda, na paka wengi wenye ugonjwa wa moyo hupewa dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo daktari aonyeshwe kila kopo. Ya pili ni ya mtu aliyempa mnyama kirutubisho akamwona amechangamka. Simwiti mwongo. Magonjwa ya moyo huwa na siku njema na siku mbaya, na jicho la mwenye kupenda huona nafuu. Utafiti wa mwaka 2012 kuhusu mbwa wanaochechemea ulionyesha kuwa wenye mbwa, na hata madaktari, waliona nafuu kwa mbwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, ilhali mashine ya kupima hatua haikuona badiliko. Ndiyo maana nasisitiza daftari la pumzi na uzito.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito: vipimo ni ghali na altrasaundi ya moyo haipatikani kila mji. Ni kweli. Lakini stetoskopu ya daktari wa mifugo wa kawaida inatosha kusikia mvumo wa vali inayovuja, na ugonjwa huu wa mbwa wa umbo dogo mara nyingi huanza kujitangaza kwa mvumo huo. Eksirei ya kifua huonyesha moyo uliopanuka na maji kwenye mapafu. Hospitali za kufundishia za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, huhudumia mbwa na paka. Bei ya makopo ya miezi michache mara nyingi hulipia safari moja kama hiyo. Kwa asiyeweza hata hilo, ushauri wangu unabaki uleule kwa mpangilio uleule: rekebisha chakula, hesabu pumzi, punguza chumvi, na kama paka wake ameishi kwa ugali, ampe taurini, kwa kuwa hapo upungufu unajulikana bila mashine.

Ukiamua kuanza kirutubisho, anza kimoja tu, andika tarehe, na mkubaliane na daktari siku ya kutathmini, tuseme baada ya miezi mitatu. Kama namba hazikubadilika, kiache, fedha iende kwenye dawa au kipimo. Usimwachishe mnyama dawa aliyoandikiwa kwa sababu kopo limeahidi zaidi. Maji yanaweza kurudi kwenye mapafu ndani ya siku chache. Na wiki hii, kabla hujanunua chochote, mhesabie pumzi akiwa amelala, kisha mwombe daktari asikilize moyo wake.