SOMO LA AFYA: Siku ya Sherehe kwa Anayepunguza Wanga



Katika kamati zetu za parokia wamo wenzetu wenye kisukari cha aina ya 2 walioshauriwa kupunguza vyakula vya wanga: ugali, wali, chapati, viazi, ndizi na sukari yenyewe. Siku za kawaida wengi wao wanaweza. Ugumu unakuja siku ya kipaimara, harusi au sikukuu ya mavuno. Mtu anasema "leo tu", na hiyo leo inachukua wiki nzima. Somo hili linaeleza namna ya kuipangia siku hiyo, ili sherehe isibomoe kazi ya miezi.

Wanga unafanya nini mwilini

Wanga ukiliwa husagwa na kuwa sukari, ambayo huingia kwenye damu. Mwenye kisukari cha aina ya 2 insulini yake haitoshi au haifanyi kazi vizuri, hivyo sukari hubaki juu kwa muda mrefu. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilikubali kwamba kupunguza wanga ni miongoni mwa njia zenye ushahidi mkubwa za kushusha sukari ya damu.

Tuangalie soda. Soda ya kawaida ina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 basi ina gramu 30, yaani zaidi ya vijiko 7 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya gramu 25 hivi. Chupa moja inavuka kiwango hicho cha pili. Asali na juisi ya matunda nazo zimo katika hesabu hiyo.

Siku ya kujiachia

Wapo wanaojitengea siku moja ya kula chochote. Mtu mwenye afya njema anayetaka kupunguza uzito huenda asipate madhara makubwa. Kesho yake atakuta mizani imepanda hata kilo moja au mbili, naye atakata tamaa. Asikate tamaa. Mwili huweka akiba ya wanga pamoja na maji, karibu gramu 3 za maji kwa kila gramu moja ya wanga. Sehemu kubwa ya uzito huo ni maji, na yatatoka akirudia mlo wake.

Kwa mwenye kisukari, siku nzima ya kula ovyo ni jambo jingine, kwa sababu sukari hupanda saa hiyo hiyo. Kwake tunashauri kitu kimoja, kwa kiasi alichokipanga kabla ya kutoka nyumbani: ama kipande kidogo cha keki, ama kikombe kimoja cha pilau. Aanze na mboga, nyama au samaki, wanga umalizie, kwani mpangilio huo hupunguza kupanda kwa sukari. Baada ya kula atembee kidogo. Mlo unaofuata urudi kwenye utaratibu wake, asingoje Jumatatu.

Hamu ya vitu vitamu

Hamu huja zaidi mtu akiwa na njaa, akiwa hakulala vizuri, au saa aliyozoea maandazi na chai. Kwa hiyo asiende kwenye sherehe na njaa. Yai la kuchemsha, karanga kiasi au parachichi vitamsaidia kusubiri. Sukari ya chai ipunguzwe polepole, kutoka vijiko vitatu hadi viwili, kisha kimoja. Ulimi huzoea.

Pale ambapo sukari ni dawa

Sehemu hii kila mwanakamati aifahamu. Mtu anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, akipunguza wanga bila dawa kurekebishwa, sukari yake inaweza kushuka mno. Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Kipimo kikisoma chini ya 4, apewe mara moja gramu 15 za sukari: nusu chupa ya soda ya kawaida, au vijiko 4 vya sukari katika maji. Apimwe tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini arudie. Hapo asiambiwe kwamba anavunja masharti. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Kwa sababu hiyo, anayetumia dawa hizo azungumze na daktari kabla ya kupunguza wanga. Mama mjamzito, mtoto na mwenye ugonjwa wa figo nao wasianze wenyewe. Mwenye kisukari cha aina ya 1 asiache insulini kamwe.

Kazi ya kamati na wafadhili

Mgonjwa hupambana peke yake pale meza inapokuwa na soda na keki tupu. Kamati iweke maji ya kunywa mbele, chai isiyotiwa sukari na bakuli la sukari pembeni, mboga za kutosha, na nyama au maharage. Wafadhili wanaochangia chakula cha semina tunawaomba bajeti ya soda igawanywe: sehemu inunue maji na mboga. Wahudumu nao wasimlazimishe mgeni aliyesema "imetosha".

Maswali ya kujadili

1. Katika sherehe yetu iliyopita, mwenye kisukari angeweza kula nini akashiba?
2. Nani katika kamati yetu anajua dalili za sukari kushuka?
3. Ni badiliko gani moja tutaanza nalo kwenye sherehe ijayo?