Kompyuta Mpakato: Tununue Sasa au Tungoje Mpya?

Kila muhula unapokaribia kwisha, wazazi wenye vijana waendao chuoni huwauliza walimu swali lile lile: "Mwalimu, nimnunulie mtoto kompyuta mpakato sasa, au ningoje? Nasikia nyingine yaja, nyembamba zaidi na yenye nguvu zaidi." Swali hili ni zuri, wala halijibiwi kwa ndiyo au siyo. Mwenye kutaka jibu la haki hana budi kwanza kujua uvumi ni nini, mtindo mpya huleta nini, na kungoja kwagharimu kiasi gani. Tuyatazame mambo haya moja moja.

Uvumi na tangazo

Wako watu ambao kazi yao ni kupeleleza habari za viwanda vya kompyuta. Huona chipu mpya imetoka, au huona mashine za zamani zimeanza kupungua madukani, au husikia maneno kutoka kwa watengenezaji wa vioo na betri. Kutokana na dalili hizo hukisia kwamba mtindo mpya u karibu. Baadhi ya makisio yao huwa kweli. Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini methali haituambii laja lini, na mnunuzi ataka kujua siku.

Tangazo ni kitu kingine. Tangazo ni neno la mwenye kiwanda mwenyewe. Tuchukue mfano wa kampuni ya Apple ya Marekani. Tarehe 22 Juni, 2020, kampuni hiyo ilitangaza kwamba kompyuta zake zitaacha kutumia chipu za Intel na kutumia chipu za Apple yenyewe, na kwamba ya kwanza itatoka kabla ya mwaka kwisha. Ikawa hivyo: tarehe 10 Novemba, 2020, zilionyeshwa mashine za kwanza zenye chipu iitwayo M1. Mtu aliyetaka kununua MacBook mwezi wa Julai mwaka ule, naye hakuwa na haraka, alikuwa na sababu njema ya kungoja. Badiliko lilikuwa kubwa, mwenyewe alikuwa amelisema, na muda wake ulijulikana.

Sasa tazama upande wa pili. MacBook Air ya Novemba 2020 ilikuwa na chipu mpya ndani, lakini umbo lake la nje lilikuwa lile la zamani. Mara yakaanza maneno kwamba umbo jipya laja, jembamba, lenye rangi nyingi za kung'aa. Wengine walilitarajia mwaka 2021. Mwaka huo ukapita. Umbo jipya lilitangazwa tarehe 6 Juni, 2022, likauzwa mwezi wa Julai, nazo rangi zake zilikuwa nne tu, tena za upole. Bei yake katika Marekani ilianzia dola 1,199, hali ile ya zamani iliendelea kuuzwa kwa dola 999. Aliyeanza kuingoja Novemba 2020 alikaa miezi 20, kisha akatoa dola 200 zaidi. Masomo ya shahada ya miaka mitatu ni miezi 36. Msomaji na afanye hesabu aone ni sehemu gani ya masomo ingepita mikono mitupu.

Kwa nini viwanda hunyamaza

Mtu aweza kuuliza: kwa nini mwenye kiwanda asiseme mapema, watu wakaondokewa na wasiwasi? Jibu liko katika habari za Adam Osborne. Mwaka 1981 kampuni yake ilitoa kompyuta ya kuchukulika iitwayo Osborne 1. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kioo chake kilikuwa cha inchi 5, na bei yake dola 1,795. Siku zile lilikuwa jambo la ajabu, na watu waliinunua kwa wingi. Mapema mwaka 1983, kabla mashine mpya hazijawa tayari kuuzwa, habari zake zilianza kuenea. Husimuliwa kwamba wenye maduka waliacha kuagiza ile ya zamani ili wangoje mpya, na fedha za kampuni zikakauka. Mwezi wa Septemba 1983 kampuni ikafilisika.

Wachunguzi wengine husema hiyo haikuwa sababu ya pekee, maana mwaka 1982 mshindani wake alikuwa ametoa Kaypro II, yenye kioo cha inchi 9, kwa dola 1,595. Hata hivyo habari ile haikusahauliwa, na mpaka leo kungoja kwa namna hiyo huitwa kwa jina la Osborne. Ndiyo maana viwanda vingi hufunga mdomo hadi siku ya kuuza imekaribia. Basi wanapofunga mdomo, uvumi hujaza nafasi.

Kipya si lazima kiwe bora

Wengi hufikiri kwamba mtindo mpya ni bora kuliko uliotangulia kwa kila jambo. Si hivyo. Mwaka 2015 Apple ilitoa MacBook ya inchi 12, nyembamba mno, na ili iwe nyembamba walibadili vitufe vya kibodi. Watu waliisifu kwa umbo lake. Baadaye ikaonekana kwamba vitufe vile vyaweza kukwama au kuandika herufi moja mara mbili, hata kwa chembe ya vumbi tu. Mwezi wa Juni 2018 kampuni ikaanzisha mpango wa kuvitengeneza bure. Ilipofika Novemba 2019, mashine mpya ya inchi 16 ilirudishiwa vitufe vya namna ya zamani, na nyingine zikafuata mwaka 2020.

Funzo lililomo ni hili: umbo likiwa jipya kabisa, hasara zake bado hazijajulikana. Aliyenunua wa kwanza ndiye aliyefanya majaribio kwa fedha zake. Kwetu sisi, ambako vumbi ni la kila siku na fundi mwenye vipuri vya mashine mpya yuko mbali, jambo hili ni zito zaidi.

Kungoja nako kuna bei

Tuseme kompyuta ni shilingi 1,200,000, nayo itatumika miaka minne, yaani miezi 48. Gawanya, utapata shilingi 25,000 kwa mwezi. Tuseme tena kwamba mzazi angoja miezi 6 kwa tumaini kwamba bei itashuka shilingi 120,000. Katika miezi hiyo mwanafunzi hana budi kwenda kulipia kompyuta za watu mjini: shilingi 1,000 kwa siku, siku 20 kwa mwezi. Mwezi mmoja ni shilingi 20,000. Miezi 6 ni shilingi 120,000. Faida imekwenda yote! Tena hatujahesabu nauli, wala usiku aliokosa kusoma, wala kazi aliyochelewa kumpelekea mkufunzi. Na kama bei haikushuka, ni hasara tupu.

Lakini hesabu hii yaweza kugeuka. Kama kijana anayo mashine kuukuu ambayo bado yaandika na kufungua vitabu, kungoja hakumgharimu kitu. Huyu ndiye aambiwaye: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kanuni za kushika

1. Anza na tarehe ya kazi, si tarehe ya mtindo. Chuo kikifunguliwa mwezi ujao, nunua sasa. Kikifunguliwa baada ya miezi minane, weka fedha yako na utulie.

2. Ngoja tangazo, usingoje uvumi. Kama mwenye kiwanda ametaja mashine na siku, na siku yenyewe i karibu, kungoja ni busara.

3. Mtindo mpya ukitoka, tazama ule uliotangulia. Mara nyingi huo ndio hushuka bei, na ubaya na uzuri wake umekwisha kujulikana.

4. Uliza mashine itahudumiwa mpaka lini. Kompyuta yaweza kuwa nzima kwa nje, kumbe programu yake imeachwa. Tarehe 14 Oktoba, 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Hili liwaonye hasa wanunuao mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo.

5. Nunua ya kutosha tangu mwanzo. Katika mashine nyingi nyembamba za siku hizi kumbukumbu ya RAM imechomelewa humo humo, haiongezeki baadaye.

6. Kama ni mashine iliyotumika, usilipe kabla ya kuijaribu. Bonyeza kila kitufe. Chomoa waya uone betri yadumu saa ngapi. Izime kabisa, kisha iwashe tena uhakikishe haikufungwa kwa neno la siri la mwenyewe wa kwanza.

Mashine mpya zitazidi kuja. Mwaka 1965 Gordon Moore alikisia kwamba idadi ya vijisehemu ndani ya chipu itaongezeka mara mbili kila mwaka. Mwaka 1975 akasema ni kila miaka miwili. Kwa mwendo kama huo, anayengoja mashine ambayo haitapitwa na nyingine hatanunua kamwe. Chombo hupimwa kwa kazi iliyofanywa nacho, na kazi ya mwanafunzi ina tarehe zake.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya uvumi na tangazo, ukitoa mfano mmoja wa kila kimoja.

2. Kompyuta ya shilingi 900,000 itatumika miaka mitatu. Ni shilingi ngapi kwa mwezi? Ikiwa mwanafunzi hulipa shilingi 15,000 kila mwezi kwa kompyuta za mjini, atangoja miezi mingapi kabla punguzo la shilingi 60,000 halijaliwa lote?

3. Mzazi ameambiwa dukani: "Usinunue hii, nyingine yaja mwezi ujao." Andika maswali matatu ambayo yampasa kumwuliza mwuzaji kabla ya kuamua.