Harambee Inayomfikisha Binti Kidato cha Nne

Kijitabu kwa kamati za michango, wazazi, na wana wa kijiji waishio mbali

Ada imefutwa, gharama zimebaki

Mwaka 2016 Tanzania ilifuta ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na katika mwaka wa fedha 2022/23 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na sita. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mama anayemwandaa binti yake kuingia sekondari bado ana mzigo: sare, viatu, madaftari, mahindi na maharage ya chakula cha mchana, taulo za kike za kila mwezi, na kama shule ina hosteli, godoro, tranka na ndoo. Shule inafunguliwa Januari, wakati ambapo katika vijiji vingi ghala linakaribia kuisha na mazao mapya bado yako shambani.

Ipo gharama nyingine isiyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, nayo ni umbali. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES. Kata ina vijiji kadhaa, shule iko katika kimoja. Watoto wa vijiji vya pembeni wanadamka usiku kutembea, au wanapanga chumba karibu na shule, kile wanachokiita geto. Msichana wa miaka 14 anayekaa geto anapika mwenyewe, anafunga mlango mwenyewe, na unga ukimwishia katikati ya mwezi hana wa kumwambia. Hapo ndipo mwanamume mwenye pikipiki, anayetoa lifti na elfu mbili ya mboga, anapoonekana msaada. Mimba nyingi zinazolaumiwa kwa tabia ya mtoto zilianzia kwenye njaa hiyo.

Kwa hiyo mahali ambapo umbali ndio adui, tunashauri mchango wa kwanza uwe hosteli yenye maji, uzio na matroni. Wananchi wanajua kujenga: mawe, mchanga, tofali na nguvu kazi hupatikana. Shida huja ukuta ukishafika lenta. Boma lisiloezekwa halimlazi mtoto hata mmoja. Kabla ya kuchimba msingi, kamati ikae na mtendaji wa kata na ofisi ya elimu ya halmashauri, ipate kwa maandishi nani ataezeka, nani ataweka vitanda, na matroni atalipwa kutoka fungu gani.

Hesabu kwanza, mgeni rasmi baadaye

Harambee nyingi huanzia mwisho: hutafutwa mgeni rasmi, turubai na muziki, kisha ndipo fedha hupangiwa matumizi. Sisi tunaomba mgeuze.

Chukueni mfano huu wa hesabu. Tuseme mmekaa na wazazi na mkuu wa shule, mkaona binti mmoja anahitaji shilingi 400,000 kwa mwaka ili asikose kitu cha lazima. Kwa miaka minne ni shilingi 1,600,000. Harambee imeleta shilingi 6,000,000 taslimu. Fedha hizo zinaweza kuwahudumia wasichana 15 kwa mwaka mmoja, au watatu hadi kidato cha nne, ikabaki akiba ya shilingi 1,200,000 ya kukabili bei zitakazopanda. Kamati hupenda kutangaza 15. Sisi tunasema chukueni watatu. Binti anayeachwa kidato cha pili amepoteza mwaka, na nyumbani wanamwona kama mtu aliyejaribu akashindwa, wakati walioshindwa ni wachangishaji. Fedha zikiongezeka, mtaongeza wasichana.

Na ahadi si fedha. Andikeni ahadi kwenye daftari lake, zifuatilieni kwa heshima, lakini msimwandikishe mtoto kwa fedha ambayo bado iko mdomoni mwa mtu.

Njia hii ya kumbeba mtoto safari nzima imejaribiwa. Mwaka 1991 Ann Cotton, kutoka Uingereza, alifika Mola, kijijini Zimbabwe, akitaka kujua kwa nini wasichana hawasomi. Alitarajia kuambiwa mila. Wazazi walimweleza umaskini: fedha ikitosha mtoto mmoja, anapelekwa wa kiume kwa kuwa ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupata kazi ya mshahara. Akarudi kwao Cambridge, akauza keki sokoni na kuomba marafiki, na mwaka 1993 likaanza shirika la CAMFED kwa kuwasomesha wasichana 32. Leo linafanya kazi pia Zambia, Ghana, Malawi na Tanzania. Waliosomeshwa walianzisha umoja wao mwaka 1998, nao huwasaidia wadogo zao shuleni. Angeline Murimirwa, mmoja wa wasichana wa mwanzo, ndiye aliyeshika uongozi wa shirika zima mwaka 2023.

Na msidhani fedha lazima itoke Ulaya. Kule Enoosaen, katika Umaasai wa Kenya, wanakijiji walichangishana kumpeleka Kakenya Ntaiya chuo kikuu Marekani, naye akaahidi kurudi kuwatumikia. Akafika hadi shahada ya uzamivu, akarudi, na mwaka 2009 akafungua shule ya wasichana pale pale kijijini.

Fedha za watu

Akaunti iwe ya benki, kwa jina la kamati, na watia saini watatu, angalau mmoja mwanamke mwenye mtoto katika shule hiyo. Mchango wa simu uingie kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kamati, kamwe usipitie simu ya mwenyekiti. Kila anayetoa apewe stakabadhi, hata kama ametoa debe la mahindi. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa kijiji na kusomwa mkutanoni, pamoja na gharama za harambee yenyewe: turubai, chakula, mafuta ya gari la mgeni. Gharama hizo zikila sehemu kubwa ya fedha iliyopatikana, wananchi wana haki ya kuuliza, na mwaka ujao hawatatoa.

Mchango ni hiari. Serikali imekataza mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga, na kamati isitumie mlango wa nyuma kufanya hivyo.

Mtoto si tangazo

Tumeona kadi na video zenye sura ya msichana, jina lake, shule yake, na maneno kwamba ni yatima au alikimbia ndoa. Fedha huja haraka kwa njia hiyo. Kisha binti anarudi darasani na wenzake wote wameshaiona simuni, na mtu mwenye nia mbaya ameshajua anakopatikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, mtoto huyu ni wetu. Onyesheni jengo, onyesheni hesabu, onyesheni wazee wakibeba tofali. Msimsimamishe jukwaani kupokea madaftari huku akipigwa picha. Mpeni mzazi wake ofisini kwa mkuu wa shule.

Kuwachagua wasichana nako kuna siri yake. Orodha ikitoka kwa mwenyekiti peke yake, wataingia jamaa zake. Walimu, wazazi na viongozi wa dini wakae pamoja, wafike nyumbani, na majina yabaki ndani ya kamati.

Aliyejifungua ni mwanafunzi

Tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania imeruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shule. Ruhusa hiyo haina maana kama hakuna wa kubaki na kichanga na hakuna sare mpya. Wapo wachangiaji wanaosema fedha yao isiende kwa aliyezaa. Kamati iwajibu kwa upole na isikubali sharti hilo. Aliyempa mimba mwanafunzi ndiye mwenye kesi: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Kamati inayojua na kunyamaza, au kukaa kikao cha kupatanisha familia kwa ng'ombe, imemsaliti mtoto inayemchangia.

Nanyi mlio Dar es Salaam, Muscat au Minneapolis, mkiombwa mchango kwenye kundi la WhatsApp, ulizeni: binti analipiwa hadi kidato gani? Akaunti ni ya nani? Taarifa ya mwaka jana iko wapi? Mkijibiwa vizuri, toeni kila mwezi kiasi mnachoweza kukihimili. Kidogo cha kila mwezi kinaisaidia kamati kupanga zaidi kuliko kitita cha mara moja.

Kamati, kabla hamjachapisha kadi, nendeni kwa mkuu wa shule. Mwombeni rejesta ya kidato cha kwanza, muone ni wasichana gani waliandikishwa na leo hawaingii darasani. Wafuateni nyumbani, muulize kilichowatoa, na muanze na hao.