Alama za hatari: jinsi hospitali inavyotambua mtoto asiyeweza kungoja

Watoto kumi wako kwenye foleni moja, wote wana homa na wote wamepatikana na malaria. Muuguzi atajuaje ni yupi asiyeweza kungoja? Hawezi kufuata kilio, maana mara nyingi anayelia kwa nguvu ndiye mwenye nafuu. Huangalia dalili chache zilizothibitishwa na kuzipa alama.

Sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana hapa hapa kwetu. Kati ya 1989 na 1991, watafiti wa KEMRI na wenzao walifuatilia watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria katika hospitali ya Kilifi, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1995. Watoto 64 walifariki, wengi wao kabla ya saa 24 kupita tangu kulazwa. Dalili nne ndizo zilizoonyesha hatari ya kifo: kupungukiwa na fahamu, kupumua kwa shida, sukari kushuka katika damu, na macho kuwa manjano. Kiwango cha homa hakimo katika hizo nne, ingawa ndicho kinachotutia hofu zaidi nyumbani.

Mbili za kwanza huonekana kwa macho, bila maabara. Kati ya watoto 64 waliofariki, 54 walikuwa na mojawapo au zote mbili.

Fahamu ya mtoto mdogo hupimwa kwa kipimo kilichobuniwa Blantyre, Malawi, kwa sababu vipimo vya watu wazima humtaka mgonjwa ajibu maswali. Mtoto akifuata uso wa mama kwa macho hupata alama 1. Akilia sawasawa hupata 2. Akigumia tu, 1. Akibonyezwa pakauma, akapeleka mkono pale panapouma hupata 2. Akivuta tu kiungo chake, 1. Jumla ni 5. Akipata 2 au chini yake, hali yake ni mahututi. Kipimo hurudiwa kila baada ya muda, kwani aliyepata 4 asubuhi anaweza kuwa na 2 adhuhuri.

Mbinu ni hiyo hiyo kwa magonjwa mengine. Mtu mzima aliyevimba kongosho, kwa mfano, huhesabiwa alama katika saa 24 za kwanza: umri kupita miaka 60, kuchanganyikiwa, maji kando ya mapafu na kadhalika. Maumivu ya tumbo peke yake hayatoshi kuonyesha ukali.

Nyumbani hakuna haja ya kuhesabu. Mtoto akishindwa kunyonya au kuketi ilhali jana aliweza, asipokutazama ukimwita, au kifua kikibonyea ndani anapopumua, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo kwa aliyeshikwa na degedege, ambalo wazee wengi wa Pwani hulijua kama nyuni. Asiyejitambua asipewe uji, maji wala dawa ya kunywa, kwani vinaweza kumpalia. Alazwe kwa ubavu.

Mkifika hospitalini, msikae kwenye foleni. Mwambie mhudumu wa kwanza unayemwona: "Mtoto hajitambui," au, "Anapumua kwa shida," kisha umweleze hali hiyo ilianza saa ngapi.